Kamera Iliyonyamaza Kanisani

Niliporudi nyumbani kutoka uzazi, nilimlaza mtoto, nikaenda moja kwa moja kabatini kutafuta kamera yangu. Haikuwepo. Mahali pake palikuwa na boksi jipya limefungwa utepe mwekundu, ule mpana wa kupambia gari la harusi.

Kwa watu wa mlimani, ukijifungua unapelekwa kwa mama mkwe. Unakalishwa. Unakunywa mtori wa ndizi asubuhi, mtori mchana, mtori jioni, na ukigusa ufagio unaulizwa unataka kumtia mwenye nyumba aibu. Nilikaa huko juu mpaka mashavu yakanijaa, nikawa naota kazi yangu. Mimi ni mpiga picha. Harusi, sendofu, ubatizo, kipaimara, vyote napiga. Na wakati mimi nanenepeshwa chini ya migomba, mume wangu, ambaye kazi yake ni kuendesha watalii na wala si kupiga picha, alikuwa anafanya biashara na kabati langu.

Alikuja akasimama mlangoni anatabasamu.

"Sapraizi," akasema.

"Kamera yangu iko wapi?"

"Si hiyo hapo."

"Nimeuliza yangu."

"Ile ilishachoka, mama mtoto. Nimempa jamaa mmoja, nikaongezea, nikachukua hii. Fulu fremu. Wageni wangu wote wanaojua mambo wanatembea na hii."

"Mimi si mgeni wako."

Akaanza kunieleza. Kwamba ndani ya kamera kuna kile kibati kinachopokea mwanga, na kwenye ile yangu kilikuwa kidogo, na kwenye hii ni kikubwa sawa na kipande cha filamu ya zamani. Mtu ambaye hajawahi kupiga hata picha moja isiyokata kichwa cha mtu ananifundisha mimi kibati. Nikamwacha amalize, nikamuuliza swali moja.

"Nikiuza gari lako kesho una safari, nikakuletea lingine lenye usukani kushoto, utanishukuru?"

Akafikiri kweli. "Kama ni jipya, nitashukuru."

Nikaingia bafuni nikalia. Si kwa huzuni. Nililia kwa hasira, ile inayokufanya ung'ate taulo ili mtoto asiamke. Kamera ile niliijua kama ninavyojua chumvi ilipo jikoni umeme ukikatika. Raba yake ilikuwa imelika pale kidole gumba changu kinapokaa. Nilikuwa naweza kubadilisha kila kitu bila kuitazama, huku namwambia bibi harusi anyanyue kidevu. Sasa jamaa mmoja nisiyemjua anakitia kidole chake pale.

Na Jumapili ya wiki hiyo hiyo ilikuwa kipaimara.

Lazima nieleze, maana bila hilo hasira yangu itaonekana ya mtoto. Kuna usharika mmoja huko juu kwenye mteremko wa Meru, ndio ulionipa kazi yangu ya kwanza, hata kabla sijaolewa. Kila mwaka watoto wanapobarikiwa, mimi ndiye ninayepiga. Nikipiga pale, sharika za jirani nazo zinaniita, na ndiyo kazi yangu yote hiyo, hakuna nyingine ya kujificha nyuma yake. Mwaka huu mwenyekiti wa wazazi alinipigia simu nikiwa bado kwa mama mkwe, nina bakuli mkononi.

"Dada, hongera kwa mtoto. Sasa tulikuwa tunajadili hapa. Una mtoto mchanga, utaweza kusimama ibada nzima?"

"Nimesimama harusi nzima nikiwa na mimba ya miezi minane, mama mwenyekiti. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Ila kuna kijana wa mjini ametuonyesha kazi zake. Na hana kitu cha kunyonyesha."

Akacheka. Mimi sikucheka. Tukabishana kwa adabu mpaka akasema sawa, mwaka huu jaribu, lakini mzazi hata mmoja akilalamika, mwakani tunamchukua kijana. Kwa hiyo nilikuwa na Jumapili moja ya kuonyesha kwamba kuzaa hakujaninyang'anya mikono. Na mikono yenyewe ndiyo hiyo, imeshabadilishwa na jamaa mmoja.

Sikulifungua boksi siku ile. Kesho yake, mume ameshaondoka kwenda kupokea wageni, nikakata utepe kwa kisu cha nyanya.

Kitu cha kwanza: nyepesi. Niliinyanyua kwa nguvu kama mtu anayeinua sufuria akidhani imejaa kumbe tupu, nusura niigonge kwenye kidevu. Kitu cha pili: vitufe vyote vimehama. Kile cha mwanga kiko pale kilipokuwa cha kufutia, na kufuta kwenyewe sijui kumepelekwa wapi. Ukichungulia kwenye kidirisha huoni dunia, unaona kama televisheni ndogo inayokuonyesha dunia. Na menyu yake haina mwisho. Unaingia, unashuka, unakunja, unakutana na maneno ambayo hata sekondari hatukufika huko. Nikaifunga nikaifungua tena. Jambo jema pekee mume wangu alilofanya ni kwamba hakuiuza lenzi yangu ya milimita hamsini. Alileta na adapta, kile kikombe cha kuiunganishia. Nikaivika. Angalau jicho lilikuwa langu.

Mtoto alikuwa amelala chumbani, pazia limeshushwa, mwanga ni ule wa kuona umbo tu. Kwa kamera ya zamani nisingejisumbua. Pale picha ingetoka na chengachenga kama mtu kanyunyiza unga wa dona, halafu ule mlio wake ungemwamsha. Nikabonyeza. Kimya. Nikadhani imegoma. Nikabonyeza tena, na tena, natukana kimoyomoyo. Nikaenda dirishani kutazama imepatwa na nini, nikamkuta mwanangu humo ndani, picha nzima imejaa yeye mmoja. Kope zake zilionekana moja moja. Kulikuwa na tone la maziwa limekaukia kwenye kona ya mdomo, ambalo mimi mwenyewe niliyemlaza sikuliona.

Nilisimama pale dirishani muda. Sikutaka kufurahi. Nilikuwa nimepanga kukasirika wiki nzima.

Jioni mume akauliza, "Vipi?"

"Iko."

"Nzuri?"

"Nimesema iko."

Jumapili alitupandisha yeye mwenyewe. Mvua ilikuwa imenyesha, ukungu umeshuka mpaka kwenye mibuni, mlima wenyewe hauonekani ingawa tuko mgongoni mwake. Lile kanisa ni la mawe, la zamani, madirisha madogo kama yametengenezwa na watu wanaoogopa baridi. Ndani kulikuwa na giza la mchana. Nilivaa blauzi nyeusi makusudi, maana maziwa hayajui ibada.

Mama mkwe alikuwa ameshafika, kaketi benchi la pembeni karibu na mlango, kitenge kimenyooka. Nikamwamkia, nikampa mtoto.

"Amenyonya?"

"Amenyonya, mama."

"Basi nenda. Usigeuke nyuma. Akikuona tu atakudai."

Mwenyekiti alikuwa mlangoni anapanga watoto kwenye mstari, wasichana magauni meupe, wavulana suti zinazosubiri wakue. Binti yake mwenyewe alikuwa wa kwanza mbele kabisa. Akaitazama kamera kabla ya kunitazama mimi.

"Hii siyo ile."

"Siyo, mama mwenyekiti."

"Umeijaribu lakini?"

"Kamera ni kamera," nikasema, nikampita.

Sheria za pale nazijua. Mzee wa kanisa anafunga kamba kwenye ngazi ya madhabahu, mpiga picha havuki. Fleshi hakuna. Mahali pangu ni kwenye nguzo ya kushoto, karibu na kwaya. Nimesimama pale miaka yote. Nikisimama hapo na lenzi ya hamsini, napata mchungaji na mtoto aliyepiga magoti, basi, picha imejaa, hakuna takataka.

Nikasimama. Nikainua kamera. Kila kitu kilikuwa kimerudi nyuma.

Sijui kueleza vizuri zaidi ya hivyo. Nguzo ile ile, miguu yangu ile ile, lenzi ile ile, lakini mchungaji alikuwa mbali, na pembeni yake niliona stendi ya maikrofoni, ndoo ya maua, na mama aliyesimama nyuma ya mtoto. Hapo ndipo nikaelewa maana ya kile kibati kikubwa alichonihubiria mume wangu. Kinachukua zaidi. Kile kidogo kilikuwa kinakata pembeni miaka yote, na mimi nilidhani ndivyo lenzi inavyoona. Nilitakiwa kusogea mbele hatua kadhaa, na mbele kuna kamba, na nyuma ya kamba kuna mzee wa kanisa ananitazama kama anajua ninachofikiri.

Mchungaji akaweka mikono juu ya kichwa cha binti wa mwenyekiti. Akafumba macho. Akatamka neno la binti yule, maana kila mtoto anapewa andiko lake. Nikapiga, nikapiga tena. Akamaliza neno.

Hakuondoa mikono.

Nikasubiri aende kwa mtoto wa pili. Haendi. Macho amefumba, mikono iko pale pale, uso umetulia. Binti akaanza kuinama kidogo kwa uzito. Kwaya wakatazamana. Mtu akakohoa, akafuatwa na mwingine, kule kukohoa kwa kanisani ambako ni maneno. Nikaanza kufikiri mzee wa watu amepatwa na kitu. Nikapiga tena picha, kwa hofu tu, kidole kikijiendea.

Halafu nikakumbuka.

Mwaka wangu wa kwanza pale nilikuwa nakosa nusu ya watoto, maana mchungaji alikuwa anapita haraka. Nikamfuata ofisini nikamwomba asubiri kidogo. Akaniambia, "Mwanangu, mimi pale nafumba macho, sikuoni. Nitasikiliza. Nikisikia chombo chako kimelia, ndipo nahama." Na ndivyo tulivyofanya kazi mwaka baada ya mwaka bila kuliongelea tena. Neno, kachak, mtoto mwingine. Alikuwa anasubiri kachak. Nami nilikuwa nimeshika kamera isiyo na kachak.

Nikaingia kwenye menyu. Lugha, tarehe, betri, rangi, sijui nini, hakuna mahali pameandikwa mlio. Binti ameshainama shingo kama ua lililokosa maji. Kupiga kelele siwezi. Kukohoa hakufai, kanisa zima lilikuwa linakohoa. Nikafanya kitu ambacho sikukipanga. Nikabandika ulimi kwenye kaakaa, nikaubandua kwa nguvu.

To.

Mchungaji akaondoa mikono, akasogea kwa mtoto wa pili.

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Neno, nabonyeza, to. Neno, nabonyeza, to. Mstari mzima wa watoto. Kwaya waligundua mapema sana, soprano mmoja akaficha uso kwenye kitabu cha nyimbo na mabega yakawa yanaruka. Mzee wa kanisa alinikazia macho, nikamkazia yangu. Mdomo ulinikauka mpaka nikawa nameza hewa ili nipate mate ya mtoto anayefuata. Katikati ya yote, nyuma kabisa, nikamsikia mwanangu analia, na maziwa yakashuka hapo hapo. Sikugeuka. Nilikuwa na hasira na kila mtu aliyewahi kuzaliwa, lakini nilipiga kila mtoto.

Ibada ilipoisha nilikimbilia chumba cha nyuma ya madhabahu wanapovalia majoho, nikanyonyesha nimesimama, na kwa mkono mwingine nikawasha kamera nitazame nimeharibu kiasi gani.

Sikuwa nimeharibu.

Giza lile la mawe halikuwepo kwenye picha. Kulikuwa na mwanga, laini, unatoka kwenye kale kadirisha ka upande wa migomba, umekaa kwenye mashavu ya watoto kama umewekwa kwa mkono. Gauni jeupe lilibaki jeupe, na ngozi yetu ilibaki ngozi, haikugeuka kuwa doa jeusi lenye macho. Nikaketi juu ya boksi la vitabu vya nyimbo. Mtoto akaendelea kunyonya, hana habari.

Lakini bado ile stendi, ndoo ya maua, na akina mama. Hizo nilijua ndizo zitakazoleta malalamiko.

Nje, wali na ndizi nyama vilikuwa vinapakuliwa, na loshoro ya maziwa mgando kwenye sufuria kubwa kwa wazee wanaosema wali si chakula. Mama mkwe akanipokea mtoto, akaninong'oneza.

"Wewe. Ulikuwa unaswaga ng'ombe kanisani?"

"Mama, acha tu."

"Mimi nimechunga utotoni, najua ule mdomo. Nilitaka kusimama niende zizini."

Tukacheka mpaka mtoto akatutazama. Mara mwenyekiti akatokea nyuma yetu na sahani yake. Nikaacha kucheka.

"Dada, naomba nione za mwanangu."

Nikamwonyesha. Nilianza kujitetea kabla hajasema. "Kuna stendi hapa pembeni, hiyo nitaikata. Na hapa nyuma pia naweza—"

"Ngoja."

Akaweka sahani chini kwenye nyasi. Akaishika kamera kwa mikono miwili. Pale kwao mzazi anasimama nyuma ya mtoto, ameweka mkono begani kwake. Kwa hiyo picha zangu za miaka yote zina mchungaji, mtoto, na mkono. Mkono usio na mwenyewe, umetokea pembeni, una saa au bangili. Nilikuwa sijawahi kuufikiria mkono ule.

Kwenye hii alikuwemo yeye mzima. Kwa kuwa mchungaji alikawia, nilikuwa nimempiga nyingi. Kwenye ya kwanza macho yamefumbwa na midomo inatamka andiko la binti yake pamoja na mchungaji. Kwenye ya mwisho ameshamaliza, amefumbua macho, anamtazama mtoto wake kisogoni, na uso wake si ule wa kupanga watu mlangoni.

"Huyu ni mimi," akasema.

"Ni wewe, mama mwenyekiti."

"Nina watoto wakubwa wawili, wote umewapiga wewe. Ukutani kwangu kuna mkono tu." Akaisogeza kamera karibu na macho. "Usikate kitu hapa. Stendi kata. Mimi usinikate."

Akazipitia upya tangu mwanzo. Akaegemea karibu, sauti ikashuka.

"Na uliona mchungaji alivyomshika mwanangu? Wenzake wote aliwapita haraka. Wangu alimshika sana. Nadhani kuna kitu alionyeshwa."

Mama mkwe akapata kikohozi cha ghafla, akageuka kumtazama kuku.

"Niliona," nikasema. Maana ni kweli niliona.

"Mwakani uje na mtoto wako. Tutamshika sisi akina mama, wala usiwe na wasiwasi. Yule kijana nitamwambia tumeshapata."

Alisema hivyo akiokota sahani, kama anaongelea chumvi. Mimi nilishika mti wa mgrevilea uliokuwa karibu, nikavuta pumzi mpaka chini. Tangu ile simu sikuwa nimevuta pumzi ya hivyo.

Wakati tunaondoka mchungaji alikuwa mlangoni anaaga watu. Nikamwamkia, akanishika mkono asiachie.

"Mwaka huu chombo chako kina sauti nyingine."

"Ndiyo, mchungaji. Ni kipya."

Akatikisa kichwa. "Kile cha zamani kililia vizuri zaidi."

Mume wangu alikuwa anatusubiri karibu na gari, ameegemea boneti, ukungu umefunguka nyuma yake na kipande cha mlima kimetokea, cheusi, kina maji. Alinitazama usoni kwanza, akapima hali ya hewa. Nadhani aliona kitu, maana akathubutu.

"Enhe? Fulu fremu?"

"Mwakani naenda tena," nikasema.

"Si nilikuambia."

"Hukuniambia. Uliiuza kamera yangu nikiwa nanyweshwa mtori. Ukirudia nauza gari."

"Sawa."

"Nauza na wageni wakiwemo ndani."

"Nimesema sawa, mama mtoto. Basi nipige na mimi moja, na huo mlima."

Akajiweka sawa. Akavuta tumbo ndani, akainua kidevu, akaweka mkono mmoja kwenye kioo cha pembeni kama mtu wa tangazo la magari. Nikainua kamera. Kumbe hata yeye aliyeileta hakujua kwamba hailii. Nikabonyeza, nikampata vizuri, mlima na boneti na tope la matairi. Yeye akabaki hivyo hivyo, amebana pumzi, anasikilizia.

Nikampokea mama mkwe mtoto, tukaagana. Nikafungua mlango wa nyuma, nikakaa, nikamweka mtoto kifuani. Huko mbele ya boneti alikuwa bado amesimama, tumbo ndani.

"Tayari?" akauliza kwa midomo isiyosogea.

Ulimi nilikuwa nao. Sikuupiga.